Kopa Tisa Zilizobaki

Meza ni ya Texas Hold'em yenye dau la kikomo: dola 10 kabla ya karata za mezani na baada ya zile tatu za mwanzo, kisha dola 20 inapofunuliwa karata ya nne, na tena ya tano. Hakuna anayeruhusiwa kuweka au kuongeza zaidi ya kiwango hicho kwa mara moja, hata angekuwa na mlima wa fedha mbele yake.

Mchezaji wa mwisho kwa zamu ameshika ree na nane za kopa. Watatu mbele yake wamelipa 10, naye akalipa, na pamoja na madau ya lazima fungu la mezani limefika dola 55. Zinafunuliwa mfalme wa shupaza, tisa ya kopa na tatu ya kopa. Mmoja anaweka 10, mwenzake analipa, wengine wanatupa karata. Zamu imemfikia mwenye ree. Kwa sasa hana kitu mkononi, lakini kopa moja tu ikija atakuwa na karata tano za aina moja, tena zenye ree juu yake.

Je, alipe? Hilo ndilo swali jepesi. Kati ya karata 52 ameona 5. Zimebaki 47, na 9 kati yake ni kopa. Yaani karata 38 zinamkataa na 9 zinamkubali, zaidi kidogo ya nne kwa moja. Fungu sasa lina dola 75, naye anadaiwa 10: malipo ya saba na nusu kwa moja. Kutupa karata hapo ni kuacha fedha zake mezani.

Swali lenye uzito ni kama apandishe. Akihesabu karata mbili zilizobaki kwa pamoja, nafasi ya kupata kopa ni asilimia 35. Akipandisha hadi 20 na wote wawili wakafuata, kila dola 10 anayoongeza inavuta 20 za wenzake: anachangia theluthi moja ya nyongeza, na nafasi yake imepita theluthi. Kwa hiyo kupandisha kunalipa hata kama hakuna anayeogopa na kukimbia. Angekuwa na mpinzani mmoja tu, angechangia nusu kwa nafasi ya asilimia 35, na sababu hiyo ingeanguka. Hapo angehitaji uwezekano wa mpinzani kutupa karata, ile mbinu ambayo David Sklansky, mwandishi wa The Theory of Poker, aliipa jina na kuifafanua: kushambulia kwa karata ambazo bado hazijaiva lakini zinaweza kuiva.

Kuna faida nyingine, ya bei. Dau huongezeka maradufu kwenye karata ya nne. Anayepandisha mapema, dau likiwa bado dogo, huwafanya wengi wapite na kumwachia yeye uamuzi. Kopa isipokuja, naye anapita na kuiona karata ya tano bila kulipa. Ametumia 20 badala ya 30.

Lakini wenye uzoefu wanaujua mpango huo. Tuseme wote wawili wamelipa, fungu likawa 115, na karata ya nne ikawa mbili ya pau. Yule aliyeanza kuweka 10, mwenye mfalme, hasubiri. Anaweka 20 mwenyewe. Karata ya bure imeyeyuka.

Wa kutazamwa sasa ni mchezaji wa katikati, mwenye malkia na jeki. Anasubiri kumi ili apate mfululizo wa tisa hadi mfalme. Makumi ni manne kati ya karata 46 asizoziona, sawa na kumi na nusu kwa moja, na kwa dau la 20 anahitaji fungu la dola 210. Mezani pana 135. Hata akimhesabu aliye nyuma yake kuwa atalipa, na wote wawili wakamlipa dola 20 nyingine mwishoni, anafika 195 tu. Tena kumi ya kopa, ambayo yeye anaiona ni yake, ndiyo ingemkamilishia mwenye ree. Anapaswa kutupa. Kwenye dau la kikomo fedha nyingi hupotelea hapa hapa, dola chache chache, kwa sababu 20 huonekana ndogo mbele ya fungu kubwa. Bila kikomo angeweza kutumaini kumfilisi mpinzani pindi kumi ikija. Hapa tumaini hilo lina bei inayojulikana, na bei haitoshi.

Ni kikomo hicho kilichofanya mchezo huu uweze kukokotolewa. Januari 2015 Michael Bowling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza katika jarida la Science programu yao Cepheus, iliyoutatua mchezo wa watu wawili kwa kiwango ambacho mtu akicheza maisha yake yote hangeweza kuthibitisha kwa takwimu kuwa ameishinda. Kompyuta zilikokotoa kwa zaidi ya miezi miwili. Wakati mwingine Cepheus, kwa karata zile zile, hupandisha safari hii na kulipa safari nyingine, ili isisomeke. Anayepandisha tu anaposubiri kopa, kisha akapita kwenye karata ya nne, amejifunua mwenyewe.

Malkia na jeki zikitupwa, mwenye ree analipa 20 kwa 135. Kopa ni 9 kati ya 46, malipo yanatosha. Kupandisha sasa hakufai: nafasi yake imeshuka chini ya asilimia 20, na mwenye mfalme hakimbii.

Karata ya tano ni sita ya uru. Mwenye mfalme anapita. Fungu ni 155, na tishio la dola 20 lingejilipa likifaulu zaidi kidogo ya mara moja katika tisa. Lakini mpinzani naye angekuwa anaahidiwa 175 kwa 20, na mtu mwenye jozi ya wafalme halali njaa mbele ya bei hiyo. Tena mwenye ree haoni karata za mwenzake; kama huyo hana hata jozi, kama naye alikuwa akisubiri kitu ambacho hakikuja, ree inamshinda bila kuongeza senti. Mwenye ree anapita, na karata zinafunuliwa.