Goblini mmoja, pointi 50

Ukitaka kujua mchezo unathamini nini, angalia unakupa pointi kwa kufanya nini.

Chukua michezo miwili ya mezani, ile ambayo watu huketi pamoja, kila mmoja anaigiza mhusika wake, na dadu ndiyo inaamua kama alichojaribu kimewezekana. Kuna Dungeons & Dragons, toleo la tano lililotoka 2014, na Dungeon World ya 2012, iliyoandikwa na Sage LaTorra na Adam Koebel. Zote zina wachawi, mapango na majoka. Ukitazama picha tu utadhani ni ndugu wa tumbo moja, hadi ufungue ukurasa wa sheria.

Kwa D&D unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha uwezo wako, unalinganisha na namba uliyowekewa. Ukiifikia, umefaulu. Ukipungukiwa na moja, umefeli, basi. Dungeon World inatumia dadu mbili za pande sita. Ukipata 10 kwenda juu, umepata ulichotaka. 6 kushuka chini, shida inakuja. Ila 7 hadi 9, unapata lakini unalipia: mlango umefunguka, na kelele zimeamsha walinzi. Bila nyongeza yoyote, hilo jibu la katikati lina nafasi 15 kati ya 36. Si kidogo.

Sasa pointi za uzoefu. Katika kitabu cha D&D cha 2014, goblini mmoja akishindwa kundi linagawana pointi 50. Kitabu kinaruhusu njia nyingine, sawa, lakini kila kiumbe kimechapishwa na bei yake, kwa hivyo watu wanaingia pangoni wakihesabu vichwa. Dungeon World inakupa pointi moja kila unapopata 6 au chini. Yaani ukianguka, mchezo wenyewe unaandika kwamba umejifunza kitu.

Mimi niliacha chuo kikuu katikati, na bado watu huniuliza kama nilimaliza au nilishindwa, kana kwamba hakuna jibu la tatu. Mnaweza kuelewa kwa nini naupenda mchezo wenye 7 hadi 9.

Lakini tusiidharau D&D. Ukavu wake ni kinga. Unajua mhusika wako anatembea futi ngapi kwa zamu, unajua upanga unaumiza kiasi gani, na mwendeshaji akipendelea mtu unafungua kitabu unamwonyesha. Kwa Dungeon World, gharama mara nyingi hutoka kichwani mwa mwendeshaji. Akichoka, kila mlango utaamsha walinzi wale wale. Akiwa na rafiki mezani, mtaona nani anauziwa kwa bei ya jumla na nani kwa rejareja.

Kwa hivyo kama kundi lenu linaaminiana, anzeni na Dungeon World. Kama bado mnapimana, chezeni D&D, na kitabu kikae katikati ya meza, wazi.