Pigo la Sekunde 4.84

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout ilifyatuka mchana kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi moja tu: kupima eksirei zinazotoka angani. Marjorie Townsend wa NASA, msimamizi wa mradi, aliipa jina Uhuru. Jukwaa la Waitaliano, mtambo wa Wamarekani, jina la wenyeji.

Ngomeni ilichaguliwa kwa hesabu. Iko kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, hivyo roketi inayoelekezwa mashariki husukumwa pia na mzunguko wa dunia.

Huko juu, kazi ya Uhuru ilikuwa kuhesabu. Ilipotazama chanzo kinachobadilika upesi, hesabu zake zilikatwa vipande vya sekunde 0.096, yaani milisekunde 96, pungufu kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka uizidishe: dakika moja ina vipande 625 kamili, na siku nzima vipande 900,000, bila baki.

Tarehe 7 Mei 1971 setilaiti ilikitazama chanzo kinachoitwa Centaurus X-3 kwa sekunde 100 mfululizo. Hesabu zilipanda na kushuka, zikapanda tena, kila baada ya sekunde 4.84. Vipande kama 50 kwa kila pigo vilitosha kuonyesha umbo lake waziwazi. Tatizo lilikuja pigo lilipopimwa siku nyingine. Mara lilirefuka, mara lilifupika, na tofauti ilifika milisekunde 6.7 huku na huku.

Hapo ndipo penye utamu. Milisekunde 6.7 haifiki hata sehemu ya kumi ya kipande kimoja cha hesabu. Itapimwaje kwa kipimo kikubwa kuliko yenyewe? Kwa kuiacha ijilimbikize. Mapigo 20 yakipita, kosa la milisekunde 6.7 kwa kila pigo limekuwa milisekunde 134, tayari limezidi kipande kimoja. Likiendelea hivyo kwa saa nzima, yaani mapigo kama 744, linakaribia sekunde 5: pigo zima limepotea au limezidi. Mchambuzi mvivu angeilaumu saa ya setilaiti, kisha akafunga faili.

Wanasayansi Ethan Schreier, Riccardo Giacconi na wenzao kule Massachusetts hawakufanya hivyo. Walipanga tofauti hizo kwa tarehe wakaona zinapanda na kushuka kila baada ya siku 2.087. Katika mzunguko huohuo chanzo chenyewe kilikuwa kikizimika kwa karibu nusu siku, kisha kikirudi. Kilikuwa kinazunguka nyota nyingine kubwa na kujificha nyuma yake; kikitusogelea pigo lilifupika, kikituacha lilirefuka.

Kilichobaki ni kubadilisha vipimo. Siku 2.087 ni zaidi ya sekunde 180,000. Milisekunde 6.7 ukizigawa kwa sekunde 4.84, kisha ukazidisha kwa mwendo wa nuru, unapata kilomita 415 kwa sekunde: ndiyo kasi ya chanzo hicho kwenye njia yake. Mapigo nayo yalifika yakiwahi au kuchelewa kwa karibu sekunde 40, kadiri chanzo kilivyokuwa upande wa huku au wa kule. Kwa sekunde 40 nuru huenda kilomita milioni 12, na huo ndio ukubwa wa nusu kipenyo cha njia hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Chanzo kingine, Hercules X-1, chenye pigo la sekunde 1.24, kilifumbuliwa kwa njia iyo hiyo: mzunguko wake ni siku 1.7.

Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Uhuru yenyewe ilikuwa imenyamaza tangu 1973.

Ngomeni hakurushwi tena setilaiti, lakini antena za Malindi bado zinapokea. Setilaiti nyingine ya eksirei, NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, huteremsha data zake hapo, na kila inapoteremsha, saa yake hulinganishwa na saa ya ardhini, kwa kuwa fuwele inayoiendesha huyumba kadiri joto linavyobadilika. Baada ya masahihisho, kosa linalobaki ni kama mikrosekunde 65. Kwa muda huo nuru huenda kilomita 19 na nusu, karibu sawa na kutoka Malindi hadi Watamu.