Kizunguzungu Baada ya Kupunguzwa Tumbo: Anza na Saa

Tuchukue mtu wa mfano. Amepunguzwa tumbo Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ni miongoni mwa zinazotoa huduma hiyo. Sasa amerudi kwao mkoani Mara. Kilo zimeshuka, na kila asubuhi anatembea kutoka Nyasho hadi Mwisenge, kando ya ziwa. Siku moja njiani macho yanaingia giza, magoti yanalegea, jasho jembamba linamtoka. Anapelekwa kupimwa malaria, na kwa mkoa wa Mara ni sawa kabisa. Majibu yanakuja safi, anaambiwa apunguze mazoezi, basi. Hakuna aliyemuuliza alikula saa ngapi.

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya kazi iliyofanywa na kisu. Kuna upasuaji unaoondoa zaidi ya robo tatu ya tumbo, likabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Mwingine hubakiza kifuko cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya mezani, chakula kikachepushwa hadi utumbo mwembamba. Tumbo la zamani lilikuwa ghala lililotoa mzigo kidogo kidogo. Sasa mzigo unashuka kwa pamoja.

Giza likija dakika 10 hadi 30 baada ya kunywa uji wenye sukari nyingi, utumbo umevuta maji kutoka kwenye damu ili kuuzimua utamu huo. Moyo unakwenda mbio, tumbo linanguruma.

Likija kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula, mshukiwa ni sukari iliyoshuka. Alikunywa chai ya sukari na mandazi saa moja asubuhi, saa tatu yuko barabarani. Sukari ilipanda ghafla, kongosho likamwaga insulini kupita kiasi, na misuli inayotembea nayo inachota sukari hiyohiyo. Kipimo cha kidole kikisoma chini ya 3.0 mmol/L, jibu limepatikana. Soda kidogo itamwinua, lakini ikiachwa peke yake huweza kuamsha insulini upya. Akishapata nafuu, ale yai au dagaa. Kinga ni kubadili kifungua kinywa: protini itangulie, sukari iondoke.

Likija anapoinuka tu, bila kujali mlo, tazama maji na presha. Tumbo dogo halipokei nusu lita kwa mkupuo. Lita moja na nusu au zaidi kwa siku hunywewa kwa mafunda, kutwa nzima. Kidonge cha presha alichopangiwa akiwa na kilo 120 nacho kinaweza kumzidi akiwa na 85. Asikiache mwenyewe, daktari akipime upya.

Kuna uchovu unaonyemelea kwa miezi: kilima alichokipanda mwezi wa tatu baada ya upasuaji, mwezi wa kumi kinamkata pumzi. Hapo apimwe damu, madini ya chuma na vitamini B12. Chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, sehemu ambayo upasuaji wa kuchepusha umeiruka, na chai inayonywewa pamoja na mlo huzidi kukizuia.

Hatari kubwa ni aliyetapika siku kadhaa kisha anayumba, au anaona vitu viwiliviwili. Huyo huenda ameishiwa vitamini B1, na dripu ya sukari ikitangulia vitamini hiyo inaweza kuudhuru ubongo. Akifikishwa hospitali ya Kwangwa au nyingine yoyote, neno la kwanza liwe: "Nilipunguzwa tumbo." Anayezimia au kubanwa kifua naye asisubiri.

Anayetembea barabara za Butiama au Bunda, ambako duka linaweza kuwa mbali, abebe maji, juisi kidogo na karanga. Nyumbani awe na daftari lenye safu tatu: saa ya kula, saa ya kutembea, saa ya giza. Akienda kliniki na kurasa za wiki mbili, daktari ataona pa kuanzia kabla hajashika sindano.