Gewurztraminer: Pua Isikuamulie

Mvinyo wa Gewurztraminer hunukia waridi hata kabla hujainua glasi. Wanywaji wengi hutoa hukumu yao papo hapo, wakaagiza chupa ya pili au wakaapa hawatarudia. Wote wana haraka. Zabibu hii imezaliwa na harufu hiyo, na hata mtengenezaji mvivu huipata bila jasho. Ubora wake hupimwa mdomoni, na hasa baada ya kumeza.

Mvinyo ni mweupe, lakini ganda la zabibu yenyewe likiiva huwa la rangi ya waridi iliyochanganyika na kijivu. Ndiyo maana mvinyo wake mara nyingi huwa wa dhahabu nzito tangu ukiwa mchanga; usidhani umezeeka au umeharibika. Zabibu hii ni mgeuko wa asili wa jamii ya Traminer, iliyopewa jina la mji mdogo wa Tramin, kaskazini mwa Italia. Makao yake makuu leo ni Alsace, mashariki mwa Ufaransa, ambako jina huandikwa bila zile nukta mbili za Kijerumani juu ya u. Milima ya Vosges huzuia mvua za magharibi, hata mji wa Colmar ukawa miongoni mwa miji mikavu zaidi Ufaransa. Kwa sababu hiyo mkulima anaweza kuviacha vichala mtini mpaka vuli imekwenda mbali.

Baada ya waridi, pua hukutana na litchi, tunda ambalo ni jamaa wa shokishoki wa Unguja. Si njozi ya waonjaji. Wakemia wamekuta oksidi ya waridi katika litchi na katika mvinyo huu pia, pamoja na geranioli, ambayo ni sehemu kubwa ya harufu ya waridi lenyewe. La kuuliza ni kama nyuma ya waridi kuna kitu kingine. Zungusha glasi, iache kwa muda, kisha unuse tena. Mvinyo dhaifu utakurudishia waridi lile lile, safari hii likielekea kwenye sabuni ya kuogea. Mvinyo mzuri utakuwa umehama: tangawizi, ganda la chungwa, pilipili manga, pengine moshi kidogo. Uonje ukiwa na nyuzi 10 hadi 12. Baridi kali ya friji huficha kasoro, na wauzaji wanalijua hilo.

Sasa mdomoni. Zabibu hii hujaza sukari haraka na kupoteza uchachu haraka, ilhali manukato yake hukamilika mwishoni. Mkulima akivuna mapema, uchachu anao, lakini harufu ni hafifu na ganda bado lina uchungu. Akingoja sana, anapata mvinyo wenye kileo cha asilimia 14 au zaidi, mzito, usio na kitu cha kuushika. Kazi yote imo katika siku chache zilizo kati ya hasara hizo mbili, na ulimi unaweza kujua alivuna lini. Je, mate yanakutoka baada ya kumeza? Uchachu upo. Je, koo linawaka? Kileo kimeachwa peke yake. Ulimi ukikauka kwa ukakasi kama wa ndizi mbichi, huenda zabibu zilikamuliwa kwa nguvu mno, na ganda likatoa kila lilichonacho.

Lakini usiogope kila uchungu. Mwishoni mwa Gewurztraminer mzuri huwa kuna uchungu mdogo, wa ganda la balungi, na mimi huutafuta kwa makusudi. Mahali uchachu ulipopungua, uchungu huo ndio unaousimamisha mvinyo. Ukikosekana kabisa, sukari hutanda mdomoni na glasi ya pili haimaliziki.

Habari ya sukari iliwahi kuwa kero kubwa. Kwa miaka mingi mnunuzi wa mvinyo wa Alsace hakujua kama anapata mkavu au mtamu hadi azibue chupa. Tangu mavuno ya 2021 lebo za Alsace hutakiwa kusema: sec ni mkavu, demi-sec una utamu kidogo, moelleux ni mtamu, doux ni mtamu kabisa. Maneno Vendanges Tardives yanamaanisha mavuno ya kuchelewa. Sélection de Grains Nobles ni punje zilizochaguliwa moja moja baada ya ukungu mwema kuzinyonya maji. Daraja zote mbili ziliwekewa sheria mwaka 1984. Grand Cru, ambazo ni 51, ni jina la shamba, wala si ahadi ya ladha. Hata hivyo Hengst na Furstentum, zenye udongo wa chokaa na mfinyanzi, huupa mvinyo huu uti wa mgongo ambao mashamba ya bondeni hayana.

Mezani, wengi hushauri uunywe na chakula cha pilipili. Sikubaliani nao: kileo kingi huongeza moto wa pilipili. Viungo visivyowasha ndivyo vinavyoufaa, kwa hiyo pilau yenye iliki na mdalasini inakaa nao vizuri, kachumbari ya pilipili ikiwekwa mbali. Wenyeji wa Alsace huunywa na jibini ya Munster, yenye harufu kali kuliko yake, wakiitilia bizari nyembamba juu.

Anayeanza anunue chupa mbili za mwaka mmoja: moja ya Alsace, nyingine ya eneo la Tramin, ambako kwa kawaida huutengeneza mkavu zaidi. Aanze na ya Tramin. Akianza na ile tamu, nyingine itaonekana chungu bila hatia.