Impreza ya Barabarani na Uwanjani: Kwa Nini Shokapu Itangulie Springi

Gari linaloendeshwa barabarani siku za kazi na kupelekwa kwenye uwanja wa mbio mwishoni mwa juma hudaiwa mambo mawili yanayokinzana, kwa kuwa barabara inataka magurudumu yawe huru kupanda na kushuka ili yafuate mashimo na matuta, ilhali uwanja unataka bodi itulie, isilale sana kwenye kona wala kuzamisha pua breki zinapokanyagwa. Suspensheni, yaani mkusanyiko wa springi, shokapu, mikono na bushi unaounganisha magurudumu na bodi, ndiyo inayobeba madai yote mawili, na uchaguzi wa vipuri vyake huharibika mara nyingi kwa sababu huanza na kile kinachoonekana kwa macho, yaani kimo cha gari kutoka ardhini. Uchambuzi huu unaitazama Subaru Impreza ya vizazi viwili vya kwanza, kile kilichotoka mwaka 1992 na kile kilichokirithi mwaka 2000, kwa sababu ni gari lililozoeleka Afrika Mashariki na kwa sababu umbo la suspensheni yake halisamehi makosa ya uchaguzi. Hoja inayotetewa ni kwamba, kwa gari hili, fedha za kwanza ziende kwenye shokapu na alaimenti, springi zichaguliwe kwa hesabu, na kulishusha gari kuwe jambo la mwisho na la kiasi.

Impreza hizo zimejengwa kwa umbo linaloitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na zina umbo hilo mbele na nyuma. Katika umbo hili shokapu haifanyi kazi ya kuzima mtetemo peke yake, bali pia ni nguzo inayolisimamisha gurudumu, ikiwa imefungwa kwenye bodi kwa juu na kwenye kitovu cha gurudumu kwa chini, huku mikono ya chini ikizuia gurudumu lisitoke nje ya mstari wake. Ni umbo jepesi, la bei nafuu, na linaloacha nafasi ya kutosha kwa injini, lakini gharama yake huonekana kwenye kona. Bodi inapolala upande mmoja, magurudumu ya nje hulala pamoja nayo, na tairi huanza kubebwa na ukingo wake wa nje badala ya upana wote. Dawa yake ya asili ni kemba hasi, yaani kulipa gurudumu mwinamo ambao sehemu yake ya juu inaelekea ndani ya gari, ili kwenye kona tairi lijikute limesimama wima. Mkono wa chini ukiwa umeteremka kuelekea nje, kama kiwanda kinavyouweka, gurudumu linapopanda hujiongezea kemba hasi lenyewe, lakini mkono huo ukishapita pembe mraba na nguzo ya shokapu, kila milimita ya kupanda huanza kuipunguza.

Hapo ndipo kulishusha gari kunapogeuka hasara. Gari likishushwa milimita 40 au 50, mkono wa chini hulala sawa na ardhi au hata kuinuka kuelekea nje kabla gari halijaingia kwenye kona yoyote, na ile nyongeza ya kemba hupotea wakati inapohitajika. Lipo pia jambo lisiloonekana kabisa kwa macho. Kila suspensheni ina nukta ya kufikirika ambayo bodi huizunguka inapolala, na umbali kati ya nukta hiyo na kitovu cha uzito wa gari ndio wenzo unaoilaza bodi. Katika MacPherson, gari likishushwa, nukta hiyo huteremka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito, hivyo wenzo hurefuka, na gari lililoshushwa ili lisilale huwa na sababu kubwa zaidi ya kulala kuliko lilipokuwa juu. Wengi huuficha ukweli huu kwa kuongeza ugumu wa springi, kisha hulisifu gari kwa kutulia, ilhali sehemu ya ugumu huo inatumika kulipia kosa lililofanywa na kimo. Zipo boljointi zenye shina refu zinazourudisha mkono kwenye pembe yake, nazo hufanya kazi vizuri zikifungwa pamoja na marekebisho ya tairodi, kwani tairodi isiporekebishwa magurudumu hujipinda yenyewe yanapopanda na usukani ukawa wa kubahatisha kwenye lami yenye mawimbi. Hata hivyo, mwenye gari ambaye hajalishusha kupita kiasi hana haja ya kuzinunua.

Kuhusu springi, hesabu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Springi nyingi za Kijapani hupimwa kwa kilo kwa milimita, yaani uzito wa kilo ngapi unaibana springi kwa milimita moja. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu, Impreza yenye kilo 1,400 pamoja na dereva, ambayo karibu asilimia 60 ya uzito wake iko mbele kwa sababu injini imekaa mbele ya ekseli. Kila gurudumu la mbele linabeba kama kilo 420, na ukitoa uzito wa gurudumu lenyewe, breki na vinavyofungamana nalo, springi inabaki na takriban kilo 370. Kwa kuwa katika MacPherson springi husogea karibu sawasawa na gurudumu, springi ya kilo 3.5 itabanwa milimita 106 gari likiwa limesimama, ya kilo 6 itabanwa milimita 62, na ya kilo 10 itabanwa milimita 37 tu. Ukiitikisa bodi juu ya springi hizo, itapanda na kushuka takriban mara 1.5 kwa sekunde kwenye ya kwanza, mara 2 kwenye ya pili, na mara 2.6 kwenye ya tatu. Magari ya kawaida ya familia hukaa kati ya mara 1 na 1.5, magari ya barabarani yenye tabia ya michezo hufika hadi 2, na kuanzia 2.5 kwenda juu ni eneo la magari ya mbio yanayokimbia juu ya lami laini kwa matairi yenye mshiko mkubwa.

Takwimu za mbano zina maana nyingine inayosahaulika. Milimita 37 za springi ya kilo 10 ndiyo pia nafasi yote ambayo gurudumu linaweza kushuka likiwa bado linasukumwa ardhini na springi, kwa hiyo shimo lenye kina zaidi ya hapo hulikuta tairi likining'inia hewani, na tairi lililo hewani halishiki kona wala breki. Vifaa vya koilova, ambavyo ni springi na shokapu vilivyounganishwa pamoja na kuwekewa nyuzi za kurekebisha kimo, mara nyingi huja na springi ngumu za aina hiyo, na sababu yake inaeleweka ukikumbuka mahali vinapojaribiwa. Uwanja wa Tsukuba nchini Japani, wenye urefu wa takriban kilomita 2, ambao ndio kipimo cha watengenezaji wengi wa vipuri hivyo, una lami laini iliyotunzwa. Sekunde inayopatikana pale haihamishiki kwenda kwenye barabara ya matuta na viraka.

Ushahidi wa upande wa pili unatoka Kenya yenyewe. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns, na gari lililoandaliwa kwa mbio hizo liliinuliwa, likaimarishwa na kupewa nafasi ndefu ya magurudumu kupanda na kushuka. Wahandisi waliokuwa na uwezo wa kufunga springi yoyote waliyoitaka waliona kwamba kwenye ardhi mbaya kasi hutokana na gurudumu kugusa ardhi muda wote, na kwamba kazi ya kuituliza bodi ipelekwe kwenye shokapu. Hakuna anayependekeza gari la uwanjani liinuliwe kama la Safari, lakini kanuni hiyo ndiyo ileile inayomfaa mtu anayetaka gari moja kwa kazi mbili.

Shokapu, basi, ndiyo moyo wa jambo hili, na inastahili kuelezwa kwa kina. Springi huhifadhi nguvu na kuirudisha, na bila kitu cha kuimeza nguvu hiyo bodi ingeendelea kupanda na kushuka, kwa hiyo shokapu huimeza kwa kulazimisha mafuta kupita kwenye vitundu na vali za pistoni, nguvu ikageuka joto. Kiasi cha umezaji hupimwa kwa kulinganishwa na kile ambacho kingeizuia bodi isirudi hata mara moja. Gari la kawaida lina karibu 0.3 ya kiasi hicho, na gari linalotakiwa kutulia uwanjani huhitaji kati ya 0.5 na 0.7. Tatizo ni kwamba kiasi hicho hutegemea springi. Mtu akiondoa springi ya kilo 3.5 na kufunga ya kilo 6 juu ya shokapu zilezile, mahitaji ya umezaji hupanda kwa asilimia 31, na shokapu iliyokuwa ikitoa 0.3 hubaki ikitoa 0.23, kwa springi ya kilo 10 hubaki 0.18. Gari hilo litaonekana gumu kwa abiria na wakati huohuo litakuwa likirukaruka bila udhibiti, na huu ndio mchanganyiko mbaya kuliko yote, ingawa ndio unaonunuliwa zaidi kwa kuwa springi fupi ni rahisi kuliko shokapu nzuri.

Ubora wa shokapu hauko kwenye ugumu wake kwa jumla bali kwenye mahali ugumu ulipowekwa. Dereva anapogeuza usukani au kukanyaga breki, fimbo ya shokapu husogea polepole, kwa kawaida chini ya milimita 50 kwa sekunde, lakini gurudumu linapogonga shimo au ukingo wa tuta fimbo hiyohiyo husogea kwa kasi mara nyingi zaidi. Shokapu iliyobuniwa vizuri huwa ngumu kwenye mwendo wa polepole, ili bodi itulie kwenye kona, kisha vali zake hufunguka kwenye mwendo wa kasi, ili shimo limezwe badala ya kupitishwa hadi kwenye kiti cha dereva. Tabia hii moja ndiyo inayowezesha barabara na uwanja kukutana katika gari moja, na hakuna springi inayoweza kuitoa. Inafaa ijulikane pia kwamba kitufe cha kurekebisha kilichoko kwenye shokapu nyingi za bei ya chini hugusa zaidi mwendo wa polepole, na huugusa katika kubanwa na katika kurudi kwa pamoja, hivyo hakiwezi kuiponya shokapu ambayo vali zake ni ngumu kwenye kasi kubwa.

Katika MacPherson kuna sharti la ziada, kwa sababu nguzo hubeba nguvu za kona zinazotaka kuipinda, na fimbo nyembamba ikipindwa hukwama ndani ya mwongozo wake na kukataa kusogea kwa hatua ndogondogo. Kwa sababu hiyo Subaru iliyapa matoleo ya STI ya kizazi cha pili shokapu zilizogeuzwa juu chini, ambamo silinda nene ndiyo inayobeba mpindo na fimbo imefichwa ndani. Anayepata seti nzima ya aina hiyo iliyofanyiwa ukarabati, mafuta na sili zikiwa mpya, amepata msingi bora kuliko koilova mpya za bei rahisi.

Stabilaiza, ile nondo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili kupunguza mlalo, inafaa kutajwa kwa sababu ya hesabu yake inayoshangaza: ugumu wake hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara nne kwa chenyewe, hivyo kutoka milimita 20 hadi 22 ni ongezeko la asilimia 46, na hadi 24 ni zaidi ya mara mbili. Kwa kuwa Impreza ni nzito mbele na pua yake hupenda kutoka nje ya kona, stabilaiza nene kidogo ya nyuma hulirudisha gari kwenye mstari kwa gharama ndogo. Isizidishwe, kwani nondo hiyo hupeleka pigo la shimo la upande mmoja hadi upande wa pili, na mabano yake yasipoimarishwa ndiyo yatakayopinda.

Kabla ya ununuzi wowote, umri wa gari uangaliwe. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Impreza za vizazi hivi zilizoko nchini humo zimeshatumika kwa muda mrefu, na bushi zao za mpira zikiwa zimechoka hakuna alaimenti itakayodumu, kwa sababu mkono unaoyumba hubadilisha pembe za gurudumu kila breki inapokanyagwa. Bushi mpya na mafuta mapya ya breki ni fedha isiyo na mvuto, lakini gari lililofanyiwa hayo na kupimwa upya kemba ya mbele ya nyuzi hasi 2 hadi 2.5 litalishinda gari lilelile lenye koilova ngumu na kemba ya kiwandani. Hofu kwamba kemba hiyo italila tairi upande wa ndani imekuzwa. Kinachokula tairi zaidi ni magurudumu yasiyotazama mbele sambamba, na hilo hurekebishwa kwenye mashine hiyohiyo ya alaimenti.

Kwa Impreza inayopita juu ya matuta kila siku, springi ya kilo 5 au 6 mbele, shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya springi hizo, na bodi iliyoshushwa kwa milimita zisizozidi 20 ndicho kiwango kinachotetewa hapa. Springi ya kilo 10 ibaki kwa gari linalofika uwanjani likiwa juu ya trela.