Bei ya Umeme: Hesabu na Haki

Ualimu ulinizoesha kukipima kitabu kwa swali moja: je, mtu wa kawaida atafaidikaje nacho? Nimekipima hivyo kitabu cha James C. Bonbright wa Marekani, Principles of Public Utility Rates, kilichochapishwa mwaka 1961, ambacho wachambuzi wa fedha wanaoshughulikia bei za umeme, maji na gesi wamekitegemea kwa miaka mingi.

Kazi ya mchambuzi huyo huonekana kuwa hesabu tupu. Hujumlisha gharama za uendeshaji, uchakavu wa mitambo, kodi na faida ya mtaji. Tuchukue mtaji wa shilingi milioni 100. Faida ikiwa asilimia 8, wateja huchangia milioni 8 kwa mwaka. Ikiwa asilimia 10, huchangia milioni 10. Karatasini tofauti ni ndogo, lakini hizo milioni 2 hutoka mifukoni mwa watu.

Sifa kuu ya Bonbright ni kukiri kwamba hesabu peke yake haizai bei ya haki. Anataka bei ilete mapato ya kutosha, igawe gharama bila upendeleo, na izuie matumizi ya ovyo. Haya matatu ndiyo anayoyaita ya msingi. Sharti la bei kueleweka na kukubalika kwa umma analitaja, ila haliingizi humo. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Mlipaji asiyeelewa bei ilivyopatikana hawezi kuihoji. Na haki isiyoweza kuhojiwa si haki, ni hisani.