Kutofautisha Mkorosho na Miombo kutoka Angani

Ukiitazama Likunja, katika ukanda wa Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, kwa picha ya setilaiti ya mwezi Machi, utaona kijani kila upande. Miombo ni kijani, mikorosho ni kijani, ufuta ni kijani, na hata shamba lililolala limejaa majani. Asiye fundi ataandika "msitu" na kufunga kompyuta. Fundi ndiyo kwanza anaanza kazi.

Atatafuta picha ya kiangazi. Kufikia Agosti na Septemba miombo mingi imepukutisha majani, ilhali mkorosho bado umevaa kijani chake na unachanua. Tofauti iliyojificha masika inajitokeza yenyewe. Lakini kiangazi nacho kina mtego wake: moto. Pori lililoungua Julai huonekana jeusi na tupu, kama shamba jipya lililofyekwa, kumbe miti yake ipo. Halafu kabla hata mvua za Novemba hazijafika, miombo huanza kuchipua majani mekundu, na hesabu inavurugika tena. Kwa hiyo mchora ramani mzuri haamini picha moja. Huweka miezi kadhaa sambamba na kuuliza kila kipande cha ardhi kimepitia nini mwaka mzima.

Vifaa vyake si vya ajabu. Setilaiti za Landsat zimepiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Kamera zake hupima mwanga mwekundu, ambao jani bichi huufyonza, na mionzi ya infraredi ambayo jani hilohilo huirudisha angani. Kwa kulinganisha hiyo miwili ndipo ukijani unapogeuka namba. Ugumu uko kwenye kipimo. Pikseli moja ya Landsat, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ni mita 30 kwa 30. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi ya mita 12, pikseli hiyo inabeba miti sita hivi, pamoja na nyasi na kivuli kilicho katikati. Sentinel-2, iliyoanza kuruka mwaka 2015, inashuka hadi mita 10, lakini haiwezi kurudi nyuma kutuonyesha miaka ya themanini. Anayetaka historia ndefu lazima ajifunze kusoma pikseli pana.

Kisha hushuka ardhini. Akiwa na GPS mkononi husimama kwenye nukta alizozichagua, huamkia wazee na kuuliza: hapa palikuwa na nini kabla ya mikorosho? Majibu yao hayapambi ripoti, ndiyo mizani. Huyapanga kwenye jedwali dhidi ya alichokiandika, ahesabu ni mara ngapi aliita mkorosho msitu, na ni mara ngapi aliita msitu shamba. Jedwali hilo la makosa ndilo ninalolistahi kuliko rangi zote za ramani. Kwa Tanzania Bara, makadirio yaliyowasilishwa Umoja wa Mataifa yalikuwa kwamba takriban hekta 469,000 za misitu zilipotea kila mwaka kati ya 2002 na 2013. Kwenye hesabu kubwa kiasi hicho, kosa dogo la pikseli ni mashamba ya watu.

Kutabiri ni hatua ya mwisho. Tuseme kati ya pikseli 100 zilizokuwa msitu mwaka 2000, 20 zilikuwa shamba ifikapo 2010. Programu hubeba mwendo huo mbele, ikizipa uzito pikseli zilizo karibu na barabara, kijiji au shamba lililopo. Fundi mwaminifu hakimbilii 2040. Huiambia programu itabiri 2020 kwa kutumia picha za zamani tu, kisha huweka utabiri juu ya picha halisi ya 2020. Utabiri ukishindwa hapo, hauna haki ya kusema lolote kuhusu kesho.

Nachingwea inajua gharama ya kukosa subira hiyo. Mwaka 1946 wataalamu wa Uingereza waliikagua Tanganyika kwa wiki chache tu, mara nyingi wakiitazama kutoka kwenye ndege, na mpango mkubwa wa karanga ukazaliwa. Nachingwea ikafyekewa mashamba na kujengewa reli hadi Mtwara. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuvunja mpango huo, na baadaye reli yenyewe iling'olewa.

Basi halmashauri ya kijiji ikiletewa ramani ya matumizi ya ardhi, isiridhike na rangi. Iulize picha ni za miezi gani, nani alitembea mashambani kuzihakiki, na jedwali la makosa liko wapi. Na ramani ya 2040 isipokewe kama hukumu: inaonyesha tutakakofika tusipobadili mwendo, na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji upo ili tuubadili.